Tani Thelathini za Uongo

Inspekta Msasa alifika kituoni na hasira ya jana, na kabla hajaweka mkoba chini akakabidhiwa ya leo.

Mama mmoja alikuwa amesimama kaunta. Alikuwa pale jana, juzi, na wiki nzima, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, mikono ameifungia kifuani kama mtu anayesikia baridi. Konstebo wa zamu alishamzoea mpaka hakumtazama tena.

"Shikamoo mama," Msasa alisema.

"Marahaba. Lini mnampeleka mahakamani?"

"Leo alasiri, jalada likikamilika."

"Likamilike," mama alisema. "Aliyemuua mwanangu afungwe, hata kama na yeye nilimzaa mimi."

Akageuka akaondoka. Msasa alibaki ameshika kamba ya mkoba. Jina la Msasa hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake kituoni, kwa sababu mtu akikaa naye chumba cha mahojiano hutoka amekwaruzwa mpaka anang'aa. Lakini safari hii mama yule ndiye aliyemkwaruza yeye, na Msasa hakupenda kukwaruzwa.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Soko la mazao lilijengewa paa jipya la kivuli, paa pana la chuma lisilo na kuta. Paa la namna hiyo halina shida ya kuzama. Shida yake ni kupaa. Upepo ukiingia chini yake hulisukuma juu kama mwavuli unaotaka kumponyoka mwenyewe. Ndiyo maana chini ya kila mguu wa chuma ilichimbiwa nguzo ya zege, na kazi ya nguzo hiyo ni moja tu, kung'ang'ania udongo. Basi ukaja upepo wa mchana mmoja, wala si kimbunga, upepo wa kawaida wa majira yake, na nguzo tatu za upande mmoja zikachomoka nusu. Paa likainuka, likalala ubavu. Chini yake alikuwepo kijana aliyekuwa akipaka rangi, na hakutoka hai.

Kijana huyo alikuwa mdogo wake Kekee. Na Kekee, msimamizi wa genge lililochimba nguzo zote, ndiye aliyekuwa mahabusu kwa kosa la kumuua.

Injinia wa mradi alikuwa ameandikisha maelezo mazuri sana, yaliyonyooka kama pasi ya suruali yake. Alisema nguzo zilichimbwa fupi, na kwamba Kekee alipunja kina ili akauze nondo na saruji. Mama mtu naye aliandikisha kwamba mwanawe mkubwa aliwahi kuleta nondo nyumbani, na kwamba ndugu hao wawili walikuwa hawasemezani. Afisa aliyekuwa na kesi akaona mambo yameiva, akafunga kalamu, akaenda likizo. Jana jalada likaangukia mezani kwa Msasa.

Alilisoma mara moja, akamwita koplo wake, jamaa mrefu mpole waliyemwita Taratibu.

"Taratibu, nani alipima urefu wa hizo nguzo?"

"Injinia alisema ni fupi, afande."

"Sikuuliza nani alisema. Nimeuliza nani alipima."

Koplo alipekua kurasa, akarudi nyuma, akapekua tena. "Hakuna, afande. Nusu yake bado iko ardhini."

"Ebo! Mtu amelazwa sakafuni wiki nzima kwa ufupi wa kitu ambacho hakuna aliyekipima? Mmeshindwa kutafuta futi?"

Ndivyo ilivyokuwa hasira ya jana. Na hasira hiyo ndiyo iliyopiga simu kutafuta tingatinga la kuchimba, na ndiyo iliyompigia mhadhiri mmoja wa udongo wa chuo cha ufundi, mama mfupi mwenye miwani mizito ambaye kila mjenzi wa mji ule alimwita Mwalimu.

Asubuhi hii ya leo, kabla ya kwenda sokoni, Msasa aliingia mahabusu. Kekee alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mtu wa mabega mapana na viganja vilivyopasuka. Hakusimama.

"Ulichimba mita ngapi?"

"Sita. Zote sita. Nimeshasema, nimechoka kusema."

"Na nondo zilizoko kwa mama yako?"

"Nilinunua, za jiko lake. Nyembamba kama kidole cha mwisho. Za nguzo ni nene kama dole gumba. Nendeni mkazitazame, mna macho!"

"Ulikuwa husemezani na mdogo wako kwa nini?"

"Aliuza redio yangu." Kekee alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Redio, afande. Nilimnunia kwa ajili ya redio. Ningejua atakufa ningemnunulia duka zima."

Msasa aliandika. Alipoinua uso alimkuta Kekee anamtazama, macho mekundu.

"Mahakama siiogopi," Kekee alisema. "Waniweke ndani wanavyotaka. Lakini mkinisomea pale kwamba nimemuua mdogo wangu, mama atabaki hana mtoto. Mmoja kaburini, mwingine muuaji, na watatu hana. Huyo ndiye mnayemfunga. Anakula lakini, mama?"

"Yupo," Msasa alisema, akafunga daftari upesi akatoka. Mlangoni alimwambia koplo apitie kwa mama akazipime zile nondo, kisha wakutane sokoni.

Sokoni paa lilikuwa limelala palepale lilipoangukia, limezungushiwa utepe. Wauzaji walikuwa wamehamishia biashara kandokando, wanauza huku wamelipa kisogo. Mwalimu alishafika na lori la chuo, amevaa viatu vya mpira, anagombana na mwendesha tingatinga.

"Usiguse nguzo! Chimba pembeni yake, taratibu, kama unamnyoa mtoto!"

"Mama, hili ni tingatinga, si wembe."

"Basi lifanye liwe wembe."

Injinia alifika wakiwa katikati ya kazi hiyo. Alishuka garini na shati jeupe na sauti ya huruma, akampa Msasa mkono kwa mikono yake miwili.

"Inspekta, jambo hili limetuumiza wote. Nilikwenda mazishini, nilishika jeneza. Nilimweleza mama wa marehemu kwa upole kabisa, ili asije akasikia kwa watu."

"Ulimweleza nini?"

"Ukweli. Kwamba nguzo zilikuwa fupi."

Msasa alimtazama. Kwa hiyo ni huyu aliyemwendea mama aliyefiwa na kummwagia sumu sikioni, tena akiwa ameshika jeneza! Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alisema tu, "Sawa. Tutaona."

Tingatinga lilikula udongo, udongo wa kichanga uliomeng'enyeka kama unga wa juzi, mpaka nguzo ya kwanza ikasimama wazi ndani ya shimo, ndefu, nyeupe, hadi kwenye kitako chake. Mwalimu alishuka kwa ngazi. Akaomba futi, akaishikilia chini, koplo aliyekuwa amefika wakati huo akashika juu.

"Soma!" Msasa alimwambia.

"Mita sita, afande. Na vidole viwili."

"Vidole viwili vya ziada," Mwalimu alipaza sauti kutoka shimoni. "Huyu mwizi wenu anaiba kwa kuongeza!"

Wakachimba ya pili, sita. Ya tatu, sita. Koplo akasogea akamnong'oneza Msasa kwamba nondo za kwa mama ni nyembamba kama Kekee alivyosema, na haziwezi kuwa za nguzo hizi hata kwa dawa. Na vichwa vya nguzo vilionyesha nondo zao nene, zote zipo, hakuna hata moja iliyopungua.

Injinia alitoa kitambaa akajifuta shingo. "Inashangaza sana. Kama ni hivyo basi ni upepo tu, Inspekta. Kazi ya Mungu. Nguzo zilifanyiwa jaribio. Ripoti mnayo. Nguzo ya majaribio ilivutwa hadi tani thelathini na moja, haikutikisika. Upepo mkali kabisa hauvuti zaidi ya ishirini."

"Mbona mwanzo ulisema ni fupi?"

"Nilidhani."

"Ulidhani!" Msasa alirudia. "Ulidhani, ukamfunga mtu. Ulidhani, ukamlisha mama yake sumu. Usitoke mjini, injinia. Saa nane nakuhitaji kituoni."

Injinia aliondoka bila kumpa mtu mkono.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameshika bonge la udongo anauponda kwa vidole. Alichukua kalamu akaanza kukokotoa juu ya kipande cha boksi.

"Nikuonyeshe," alimwambia Msasa. "Nguzo hii inashikwa na nini? Inashikwa ubavuni, na udongo. Udongo ukiibana sana, inashika sana. Naujua unene wa nguzo, naujua urefu, na udongo huu naujua kama jina langu. Nikizidisha, napata tani kumi na tano. Niwe mkarimu, kumi na sita."

"Na jaribio linasema thelathini na moja."

"Ndiyo. Hesabu ikitofautiana na jaribio kidogo, sawa, udongo si saa ya mkononi. Lakini mara mbili? Thubutu! Hapo lazima mmoja anadanganya, na mimi hesabu zangu hazina sababu ya kudanganya."

"Hiyo nguzo ya majaribio ipo?"

"Si ile pale nyuma ya choo? Haikubeba paa, kwa hiyo hakuna aliyeikumbuka."

Walikwenda. Nguzo ya majaribio ilikuwa imechomoza kidogo juu ya ardhi, imezungukwa na majani. Koplo aliyafyeka. Mwalimu akainama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Loo," alisema polepole. "Loo, loo, loo. Tazama hapa."

Kulia na kushoto mwa nguzo kulikuwa na vipande viwili vinene vya zege vilivyozama udongoni. Kati ya kipande na nguzo hapakupita hata kiganja.

"Hivi ni nini?"

"Ni nyayo za boriti. Sikiliza. Ukitaka kuing'oa nguzo kwa majaribio, unalaza boriti ya chuma juu yake. Boriti ina miguu miwili, huku na huku. Unaweka jeki juu ya boriti, jeki inavuta nguzo kwenda juu. Sasa jeki ikivuta nguzo juu, miguu ya boriti inakwenda wapi?"

"Chini."

"Inakandamiza chini, kwa nguvu ileile! Ndiyo maana miguu lazima ikae mbali, hatua mbili kamili, isiuguse udongo unaoishika nguzo. Ukiiweka hapa karibu..." Alichukua ndoo ya mchanga, akachomeka kijiti katikati. "Koplo, chomoa." Koplo akachomoa kwa vidole viwili. Mwalimu akakirudisha, akaweka ngumi zake mbili kandokando ya kijiti, akaukandamiza mchanga kwa uzito wake wote. "Chomoa sasa."

Koplo alivuta. Akavuta tena, akakaza meno.

"Umeona? Hakikushikwa na mchanga wake, kimeshikwa na ngumi zangu. Jaribio lao lilikuwa linavuta nguzo kwa mkono mmoja na kuishikilia kwa mwingine. Kila walipovuta zaidi ndivyo walivyoibana zaidi. Zile ni tani thelathini za uongo." Mwalimu alijifuta mchanga mikononi. "Na huyo injinia nilimfundisha mimi! Mwaka wa pili, dawati la mbele. Swali hilihili nililiweka kwenye mtihani, na alilipata!"

"Mwalimu, maneno matupu hakimu hayatamtosha. Naweza kuona kwa macho?"

"Utaona."

Vijana wa chuo walishusha boriti ndefu kutoka kwenye lori, wakaisimamisha miguu yake mbali na nguzo. Wakafunga vyuma kwenye kichwa cha nguzo, wakaweka jeki, wakabandika geji mbili za kuonyesha nguzo inasogea kiasi gani. Mwalimu alisimama kwenye geji. Mmoja akaanza kupiga pampu.

"Tano," alisema msoma jeki. Sindano haikutikisika. "Nane. Kumi." Sindano ilijinyonganyonga kidogo. "Kumi na mbili. Kumi na nne."

Sindano ikaanza kutembea. Pampu ilipigwa lakini namba ya jeki haikupanda tena. Nguzo ilikuwa inakuja juu, polepole, kimya, na udongo uliokuwa kandokando ya kichwa chake ukapasuka mviringo.

"Simamisha!" Mwalimu alisema. "Kumi na nne na ushee. Nguzo imekata tamaa."

Kisha akawaamuru walete boriti fupi, waiweke juu ya vile vipande vya zege vya zamani. Nguzo ileile, ambayo ilishasogea na ingestahili kuwa dhaifu zaidi, iling'ang'ania hadi tani ishirini na tano bila sindano kutikisika. Mwalimu akasema inatosha, asije akavunja jeki ya chuo. Koplo alipiga picha kila kitu, akaandika majina ya waliokuwepo, akawasainisha.

Msasa alikuwa anatazama kitu kingine. Mahali ambapo mguu wa boriti ndefu ulikuwa umekaa upande wa kulia, ardhi ilikuwa na mstari wa udongo wa rangi tofauti, umepita moja kwa moja hadi kwenye bomba la choo.

"Taratibu, piga simu idara ya maji. Waulize mtaro huu ulichimbwa lini na ulifukiwa lini."

Koplo alikwenda pembeni na simu. Alirudi akiwa amekunja uso. "Afande, ulichimbwa asubuhi na kufukiwa jioni yake. Magari ya mizigo yalishindwa kupita, wauzaji wakapiga kelele. Na siku yenyewe ni siku ya jaribio. Hiyohiyo ya kwenye ripoti."

"Umewahi kuona mtu anashindwa kusubiri mpaka kesho yake?" Msasa aliuliza.

"Kila siku, afande."

"Leo tutamwona mwingine."

Saa nane injinia alikaa kwenye kiti cha chumba cha mahojiano, safari hii na koti. Msasa alikaa mbele yake, koplo pembeni anaandika. Mezani hakukuwa na kitu. Msasa hupenda meza tupu, kwa sababu mtu hukosa pa kutazama.

"Tuanze na siku ya jaribio. Ulikuwa wapi?"

"Sikuwepo. Nilikuwa safarini, mji wa pili."

"Nani alifanya?"

"Marehemu. Siku hizo alikuwa mtu wa pampu, kabla ya kupewa kazi ya rangi. Aliniletea namba, nikaziamini."

"Alikuwa peke yake?"

"Yeye na vibarua."

"Alikueleza chochote kuhusu jaribio lilivyokwenda? Shida yoyote?"

"Hapana. Alinipa namba tu."

"Hakukueleza walivyoipanga boriti?"

"Inspekta, yule alikuwa kijana wa pampu. Hatukuwa na mazungumzo. Namba, basi."

"Andika hivyo, koplo. Namba, basi." Msasa aliegemea nyuma. "Leo tumeivuta nguzo ile upya. Imetoka na tani kumi na nne."

Injinia alifungua vifungo vya koti.

"Miguu ya boriti ilikuwa imewekwa karibu mno," Msasa aliendelea. Sauti yake ilikuwa imelegea sasa, sauti ya mtu anayetaka kusaidiwa. "Kiganja tu kutoka kwenye nguzo. Nami sielewi, kwa sababu pale pana uwanja mtupu, unaweza kuiweka miguu hata hatua kumi. Wale vijana waliibananisha kwa nini? Ujinga tu?"

Injinia alivuta pumzi. Alionekana kama mtu aliyetupiwa kamba. "Ujinga, ndiyo. Hawana elimu, unajua. Na pia hapakuwa patupu hivyo unavyosema. Upande wa kulia kulikuwa na mtaro wa maji umekatiza. Badala ya kusubiri, wakasogeza ndani. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa na haraka."

Kalamu ya koplo ilisimama.

"Mtaro upi?" Msasa aliuliza.

"Wa bomba la choo."

"Mimi nimetoka pale. Hakuna mtaro."

"Ulishafukiwa."

"Lini?"

Injinia alitoa kitambaa akajifuta shingo tena.

"Nakusaidia. Ulichimbwa asubuhi ya siku ya jaribio, ukafukiwa jioni yake. Aliyeuona huo mtaro alikuwa pale siku hiyo, mchana huo. Wewe ulikuwa mji wa pili, na marehemu hakukueleza kitu ila namba, basi. Koplo, soma."

Koplo alisoma.

"Labda... labda nilisikia kwa mtu mwingine..."

"Nani? Mtaje!" Msasa alipiga meza kwa kiganja, koplo mwenyewe akaruka. "Mtaje, nimlete hapa sasa hivi! Huna! Kwanza ulimtupia zigo aliye hai, nguzo fupi, mwizi wa nondo. Tumepima, si fupi. Sasa unamtupia aliyekufa, kwa sababu aliyekufa hajibu. Ukimaliza maiti utamsingizia nani, upepo? Hesabu ya mwanzo ilikupa tani ngapi?"

Injinia alitazama meza. Hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Kumi na tano," alisema.

"Na upepo ulihitaji?"

"Ishirini. Ningelazimika kuchimba hadi mita tisa, na mashine ya kwenda tisa ilikuwa haipatikani mpaka mwezi uliofuata. Ufunguzi ulishatangazwa. Nikasema tujaribu, labda udongo ni mzuri kuliko hesabu. Wakati mwingine huwa hivyo, Inspekta, kweli huwa hivyo. Kisha nikakuta mtaro."

"Yule kijana alisema nini?"

Injinia alikikunja kitambaa chake mara mbili.

"Nimekuuliza, alisema nini?"

"Alisema tusubiri kesho, mtaro ufukiwe. Alisema miguu iko karibu mno."

"Nawe?"

"Nikamwambia apige pampu."

Msasa alisimama. Alitamani sana kufanya jambo ambalo sheria haimruhusu, basi akaushika mgongo wa kiti chake kwa mikono yote miwili mpaka vidole vikamuuma. "Mpige pingu," alimwambia koplo. "Na umwondoe hapa mbele yangu upesi."

Mkuu wa kituo alipiga simu kuuliza kama mtuhumiwa yuko tayari kwa mahakama. Msasa akamwambia yuko tayari, ila si yule. Mkuu akaanza kusema kwamba injinia ni mtu anayejulikana. Msasa akamjibu kwamba ndiyo, sasa atajulikana zaidi, akakata simu.

Kisha akatuma gari likamlete mama.

Alimweleza yeye mwenyewe, kwenye benchi pale kaunta, bila kumficha neno. Alimwambia nguzo zilikuwa ndefu. Alimwambia habari za nondo za jiko. Alimwambia kuhusu boriti, mtaro, na kijana wake mdogo aliyesema tusubiri kesho, na mtu mwenye shati jeupe aliyeshika jeneza. Mama alisikiliza bila kupepesa macho.

"Yule," alisema mwishoni. "Yule nilimpa maji ya kunawa kwa mikono yangu. Nikamshukuru."

Aligonga goti lake kwa ngumi, mara moja, kwa nguvu.

Koplo alimtoa Kekee. Alitoka akiwa ameshika mkanda na viatu vyake mkononi, anapepesa kwa mwanga. Alipomwona mama yake kwenye benchi alisimama palepale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Wamekwambia?"

"Wameniambia."

Kekee hakumsogelea bado. Alimgeukia Msasa, na hasira ya wiki nzima ilikuwa usoni pake, imeivia pale sakafuni.

"Afande, mimi nimewasamehe kunifunga. Hata kunizuia nisimzike mdogo wangu, Mungu atawauliza. Lakini hili moja silisamehe. Kila asubuhi nilimsikia mama yangu hapa kaunta. Maneno sikuyapata, ukuta ni mnene, lakini sauti niliijua. Nikawa nawaambia wenzangu mule ndani, huyo ni mama, amekuja kuniona. Anakuja kila siku, na kila siku wanamfukuza. Mama mzima, amefiwa, anatembea kwa miguu mpaka hapa, nanyi mnamkatalia! Mngepungukiwa na nini mkimpa dakika moja?"

Konstebo wa zamu aliinua kichwa, akataka kusema kitu. Msasa alimzuia kwa jicho. Yeye ni msasa kweli, lakini alishaamua kulibeba kosa hilo yeye. Likiwa lake halingemuua.

"Ni kweli," alisema. "Ni mimi niliye..."

"Hawakunikatalia," mama alisema.

Kekee alimtazama.

"Hawakunikatalia, mwanangu. Sikuomba kukuona."